Jani la Mei Si Jani la Agosti

Anayeshuka mlima Sekenke mwezi Agosti, akitokea Singida, huiona mbuga ya Wembere imegeuka rangi ya mkeka wa zamani. Nyasi zimekauka, mabua ya mtama yameshaliwa na ng'ombe hadi kwenye shina, na kila mkokoteni wa punda unaburuta wingu la vumbi. Nje kidogo ya mji wa Shelui hukosi kumwona kijana mwenye panga juu ya mti, anaangusha matawi, na mbuzi wamesimama chini wanasubiri. Ni kazi ya haki anayoifanya, maana mifugo lazima ile. Ila amechelewa kwa miezi mitatu.

Majani anayoyaangusha bado yako mtini, lakini kilichokuwa ndani yake kimeshaanza kuondoka. Miti jamii ya mikunde, kama migunga ya porini, lusina na gliricidia, ina sifa ya kuvuna naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Ndiyo sababu majani yake hushinda ya miti mingi kwa protini na kwa rutuba. Lakini hazina hiyo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Hupanda kwenye jani changa, hugawiwa kwa ua na kwa ganda la mbegu, kisha hurudi kwenye matawi, magome na mizizi. Mfugaji au mkulima wa Shelui akijua iko wapi kila mwezi, atakata akiikuta nyumbani.

Shelui ina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, huendelea hadi Aprili, kisha hufuata miezi mingi bila tone. Mti hufuata kalenda hiyo.

Udongo ukiloa, mizizi hutoa vinundu vipya na majani hukua haraka. Jani changa limejaa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Linavyokomaa, nyuzi na lignini, yaani ule ugumu wa mti, huongezeka, na fungu la naitrojeni katika kila kilo ya jani hupungua. Kisha maji yanapoadimika, mti hulipakua jani kabla ya kulidondosha. Hufanya kama mwenye duka anayehama: anabeba kila chenye thamani, anaacha rafu. Kwa wastani wa mimea mingi, karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi hurudishwa ndani ya mti kwa njia hii. Miti ya mikunde hurudisha naitrojeni kidogo kuliko mingine, na ndiyo maana hata majani yake makavu yaliyoanguka bado yana faida. Kalsiamu haihami, inabaki ndani ya jani na fungu lake huzidi kadiri jani linavyozeeka. Kwa hiyo jani la Agosti lina kalsiamu nyingi, fosforasi kidogo, na protini iliyopungua.

Chukua gliricidia. Majani yake mabichi, yakikatwa wakati mzuri na kukaushwa, huwa na naitrojeni ya asilimia 3 hadi 4. Wataalamu wa lishe ya mifugo huzidisha naitrojeni kwa 6.25 ili kupata protini ghafi, hivyo jani lenye asilimia 3.5 lina protini ya asilimia 22 hivi. Nyasi za Septemba, zilizosimama zikiwa zimekauka, mara nyingi zina asilimia 3 hadi 5 tu. Bakteria wanaosaga chakula kwenye tumbo la ng'ombe na mbuzi wanahitaji angalau asilimia 7 ili wafanye kazi. Chini ya hapo nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kusagwa. Mnyama anaonekana ameshiba, tumbo limetuna, na bado mbavu zinahesabika. Kumwongezea nyasi zilezile hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kiganja cha jani lenye protini, kiwalishe wale bakteria ili nao wazisage nyasi.

Hakuna maabara Shelui sokoni, lakini mkono, jicho na ulimi vinatosha kwa sehemu kubwa. Watafiti wa mpango wa baiolojia na rutuba ya udongo wa tropiki, TSBF, waliokuwa na makao Nairobi, walipima majani ya mimea mingi na kukubaliana juu ya kipimo hiki: jani lenye naitrojeni zaidi ya asilimia 2.5, lignini chini ya asilimia 15 na polifenoli chini ya asilimia 4 linaoza upesi na kuulisha mmea wa msimu huohuo. Kisha wakatafuta jinsi mkulima anavyoweza kuyajua hayo bila mashine. Tazama rangi: kijani kibichi ni dalili ya naitrojeni, njano ni dalili kwamba mti umeshaanza kupakua. Likaushe jani na ulifikiche kiganjani: likigeuka unga, lignini ni kidogo, likibaki nyuzinyuzi, limezeeka. Mwisho gusisha kipande kwenye ulimi. Likikaza ulimi kwa ukakasi, kama ndizi mbichi, lina tanini nyingi, ambayo ni aina ya polifenoli, na tanini hufunga protini isipatikane upesi, udongoni wala tumboni. Teme baada ya kuonja, na usijaribu hivi kwa mti usioujua au wenye utomvu mweupe.

Fanya jaribio hilo mara mbili kwa mti uleule, mwishoni mwa Aprili na katikati ya Agosti. Gliricidia ya Aprili iliyokaushwa kivulini hupondeka kama majani ya chai na kubaki na ukijani wake. Ya Agosti, kama bado ipo mtini, ina madoa, mishipa yake imekaza, na ukiifikicha vinabaki vijiti.

Kwa mfugaji, basi, kazi kubwa ya mwaka iko kati ya mwisho wa Aprili na mwisho wa Mei. Mvua inaisha, majani yamejaa, mti haujaanza kuyapakua. Kata hapo, kabla ya maua. Kwa gliricidia kuna faida ya pili: ikiachwa bila kukatwa hupukutisha majani kiangazi na kutoa maua ya waridi kwenye matawi matupu, lakini ikikatwa mwishoni mwa mvua huchipua upya, na machipukizi hayo hukaa na majani muda mrefu zaidi ndani ya kiangazi. Acha matawi mawili matatu bila kuyagusa ili mti upumue, na usikate chini ya magoti kwa ua wa malisho. Nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini inafaa.

Ukaushaji ndio unaowaangusha wengi. Jani likianikwa kwenye jua kali la Mei linageuka rangi ya majivu na kupoteza karotini, ambayo mwili wa mnyama huigeuza vitamini A, kitu kinachokosekana karibu kabisa kwenye nyasi za Oktoba. Tandaza turubai chini ya mwembe au ndani ya banda lenye hewa, tandaza matawi kwa unene wa kiganja, yageuze asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu yapige kwa fimbo. Majani madogo yatapukutika yenyewe na vijiti vitabaki kwa kuni. Hakikisha majani yanalia yakishikwa kabla ya kuyajaza kwenye magunia. Yakifungwa na unyevu yataota ukungu, na majani yenye ukungu hayalishwi mnyama yeyote, hata kama njaa imebana.

Kiasi gani? Kilo 3 hadi 4 za majani mabichi hutoa kilo 1 kavu. Mbuzi wa kilo 25 hula chakula kikavu cha gramu 750 hivi kwa siku, na inatosha robo yake iwe majani ya mti: tuseme gramu 200. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba ni siku 120 na ushei, hivyo mbuzi mmoja anahitaji kilo 24 za majani makavu. Mbuzi watano, kilo 120, yaani karibu kilo 480 mbichi zikatwe Mei. Si kazi ya asubuhi moja. Lakini familia yenye ua wa gliricidia kuzunguka shamba ikigawanya kazi kwa wiki tatu inaimaliza, na hesabu hiyo ipimwe dhidi ya bei ya mashudu ya alizeti, ambayo kiangazi kikikaza hupanda pamoja na mahitaji.

Mbuzi na ng'ombe wasioizoea gliricidia huikataa kwa harufu yake. Iache inyauke usiku kucha, uichanganye na pumba au maji ya chumvi kidogo, uanze na kiasi kidogo. Baada ya wiki moja au mbili wengi wao huikubali.

Lusina inapendwa mara moja, na hapo ndipo penye hatari. Majani yake yana protini ya asilimia 22 hadi 28, lakini yana pia sumu iitwayo mimosini, na msimu huigusa sumu hiyo kama unavyogusa protini: imejaa zaidi kwenye machipukizi laini yanayokua kuliko kwenye jani lililokomaa. Kwa ng'ombe na mbuzi isizidi theluthi ya chakula chote. Kwa kuku, nguruwe na sungura iwe kidogo sana, kati ya asilimia 5 na 10. Punda asipewe. Punda akila lusina kwa muda hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia, na Shelui punda ndiye gari la maji na la mazao. Mwenye punda hana sababu ya kumjaribia bahati.

Kuna mnyama anayeihimili. Huko Hawaii mbuzi walikutwa wakila lusina kwa wingi bila kudhurika, na mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba tumboni mwao mna bakteria wanaoivunja sumu inayotokana na mimosini. Bakteria hao walipewa jina lake, Synergistes jonesii. Mbuzi wa Shelui asichukuliwe kuwa nao. Theluthi ni theluthi.

Lusina ina mambo mawili zaidi ya kuangalia. Tangu 1992 mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa machipukizi ameenea Afrika Mashariki, na akivamia, majani machanga yenye thamani hujikunja na kupukutika. Ukiona machipukizi yananata, kata mapema. Pia lusina hutoa mbegu nyingi na kusambaa bila kuitwa, kwa hiyo ikatwe kabla maganda hayajakauka.

Huenda msomaji amesikia sifa za kaliandra. Ni za kweli, kwa mahali pake. Embu, nchini Kenya, wafugaji na watafiti walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lakini kaliandra ni mti wa milima yenye mvua nyingi, na chini ya Sekenke utauotesha kwa jasho na kuupoteza kwa jua. Isitoshe, ina tanini nyingi na hulishwa vizuri zaidi ikiwa mbichi, wakati Shelui inahitaji jani la kuweka ghalani.

Cha Shelui kimeshaota: migunga. Mingi hupukutisha majani kiangazi, na thamani yake kwa miezi hiyo huwa imehamia kwenye maganda. Ganda la mgunga lililoanguka kati ya Julai na Oktoba lina protini ya asilimia 12 hadi 19, na sehemu kubwa imo ndani ya mbegu. Mbegu ni ngumu. Nyingi hupita tumboni mwa mbuzi nzimanzima na kutoka kama zilivyoingia, jambo zuri kwa mgunga unaotaka kusambaa, lakini hasara kwa mwenye mbuzi. Okota maganda, yakaushe, yatwange kwenye kinu au yasagwe mashineni, ndipo protini ya mbegu inapopatikana. Acha mengine chini ya mti, kwa sababu migunga ya kesho inatoka humo.

Wasukuma walioko Shelui hawahitaji kufundishwa maana ya ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiwa kimekolea. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliufufua utaratibu huo; ngitili zilizokuwa kama hekta 600 zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na migunga ikarudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu. Mwenye ngitili leo anaweza kuongeza jambo moja: badala ya kungoja Agosti ndipo apande juu na panga, aingie Mei akate theluthi ya matawi ya migunga yake, ayakaushe, halafu afunge tena.

Oktoba kuna mtego. Migunga mingi huchipua kabla ya mvua, na baada ya miezi ya ukame, ile kijani laini inamvuta kila mtu. Majani hayo yana naitrojeni kweli, lakini yametengenezwa kwa akiba iliyokuwa ndani ya magome na mizizi, wakati vinundu vingi vya mwaka jana vimekufa na vipya havijaota. Ukiyakata yote, mti hauna pa kuchota tena hadi mvua inyeshe. Mti ukifanyiwa hivyo miaka miwili mitatu mfululizo huanza kukauka kutoka kileleni. Oktoba ni mwezi wa kutumia magunia ya Mei.

Sasa shambani, ambako kalenda ni nyingine. Mifugo inataka jani Agosti. Mahindi na mtama vinataka naitrojeni Januari. Mahindi hunywa naitrojeni kwa wingi kuanzia yanapofika magotini hadi yanapotoa mbelewele, takriban wiki ya nne hadi ya nane. Jani laini la gliricidia likifukiwa kwenye udongo wenye unyevu huoza ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kata machipukizi mara ya kwanza wakati wa kuandaa shamba, na mara ya pili wakati wa palizi ya kwanza, Januari, uyafukie kwenye mstari karibu na mmea. Makoka, kusini mwa Malawi, ambako nako mvua ni ya msimu mmoja, watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto cha miti na mazao, na wenzao walifuatilia mahindi yaliyochanganywa na gliricidia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakikata miti mara tatu kwa mwaka: Oktoba, Desemba na Februari. Makoka hupata mvua nyingi kuliko Shelui, hivyo hapa panda mistari kwa nafasi pana zaidi na ukate hadi sentimita 30 kutoka ardhini, mti usishindane na mahindi kwa maji.

Hesabu ya mbolea ni hii. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Majani makavu ya gliricidia yenye asilimia 3.5 yanafikia kiasi hicho kwa kilo 660 hivi. Ukiyafagia yaleyale baada ya mti kuyapakua na kuyaangusha, tuseme kwa hali mbaya naitrojeni imebaki nusu, utahitaji hadi kilo 1,300 hivi, nayo yataoza polepole. Si naitrojeni yote ya majani itakayoingia kwenye mahindi msimu huohuo, lakini inayobaki huujenga udongo, na kwenye luseni, ule mchanga mwepesi usioshika mbolea, hilo lina thamani yake. Majani yaliyoanguka usiyachome. Yatumie kufunika udongo juu.

Udongo wenyewe nao una msimu wake. H. F. Birch, aliyekuwa mtafiti Muguga karibu na Nairobi, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu ukiloweshwa na mvua ya kwanza hutoa naitrojeni nyingi kwa mkupuo, halafu mkupuo huo hupungua. Mvua kubwa zinazofuata huishusha naitrojeni chini, hasa kwenye mchanga. Anayepanda wiki mbili baada ya majirani amekosa sehemu ya mbolea ambayo hakuna aliyeinunua. Andaa shamba Oktoba, mbegu iwe ndani mvua ya kwanza ya uhakika ikishuka.

Mti mmoja unakwenda kinyume na yote yaliyosemwa hapa. Mkababu, ambao wengi huuita mgunga tu, hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua kiangazi. Majani yake huanguka wakati mkulima anapanda, na kivuli huondoka mahindi yanapohitaji jua. Zambia, msimu wa 2008, mahindi yasiyotiwa mbolea chini ya mikababu yalitoa wastani wa tani 4.1 kwa hekta, na yale ya jirani nje ya kivuli tani 1.3. Ni mti wa subira. Faida hiyo huonekana baada ya miaka mingi. Ukiota wenyewe shambani, uwekee kigingi jembe lisiung'oe.

Ili kujua kama mti wako unavuna hewani au umekaa tu, chimba Januari, wiki kadhaa baada ya mvua kuanza. Tumia kijiti, si jembe, na ufuate mzizi mwembamba karibu na uso wa udongo. Vinundu ni kama punje za uwele, vingine vikubwa kidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama fizi, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, cha kijani au kahawia, hawafanyi kazi. Kwa lusina changa isiyo na vinundu, chukua makopo machache ya udongo chini ya lusina kubwa yenye afya uyachanganye na udongo wa kitalu. Kiganja cha majivu au samadi nacho husaidia, kwa kuwa bakteria hawavuni naitrojeni vizuri pasipo fosforasi.

Na kwa asiyeshawishika kwa asilimia, afanye hivi mwaka huu kwenye lusina moja. Mwishoni mwa Aprili akate upande wa mashariki, akaushe kivulini, aweke kwenye kiroba chake. Katikati ya Agosti akate upande wa magharibi, akaushe vilevile, kiroba cha pili. Septemba aweke mabeseni mawili mbele ya mbuzi mmoja asubuhi, gramu 100 kila moja, abadilishe nafasi zake kila siku kwa siku tano, na jioni apime kilichobaki kwa mizani ya duka. Aandike kwenye daftari la watoto la shule: tarehe, beseni, gramu.